Maji yamepimwa, sawa. Yamepimwa nini? Mkataba wa maabara ya maji ya kunywa, kwa lugha nyepesi

Ukiingia katika maduka ya kujaza maji Mombasa, iwe Bamburi, Changamwe au Likoni, mara nyingi utaikuta karatasi ya maabara imetiwa fremu na kutundikwa juu ya mabomba, kando ya leseni ya kaunti. Wateja huiona, hawaisomi. Kwenye majumba ya kupanga nako, wapangaji wakinung'unika kwamba watoto wanaharisha, mwenye nyumba hujibu kwa maneno mawili: maji yamepimwa. Mjadala hufia hapo.

Wengi wetu huchukulia kwamba maabara hutoa hukumu: maji haya mazima, maji haya mabovu. Haitoi. Maabara hujibu maswali uliyoyalipia, kuhusu chupa uliyoipelekea. Usipouliza habari za risasi, ile metali yenye sumu, hutaambiwa habari zake, hata iwe imejaa humo. Ndiyo maana kamati ya jumba, shule, madrasa au hoteli inayotaka kupimiwa maji mwaka mzima haina budi kuutilia maanani mkataba kuliko bei. Humo ndimo maswali yanamoandikwa.

Kuna maneno machache ya kuyaweka sawa kwanza. Sampuli ni yale maji machache yaliyotiwa chupani ili yapimwe. Kigezo ni kitu kimoja kinachotafutwa ndani yake, kama vile chumvi, bakteria au floraidi. Kikomo ni kiasi cha juu kinachoruhusiwa cha kitu hicho. Kenya hufuata vikomo vya shirika la viwango, KEBS, ambavyo ni sehemu ya viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, na Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake. Kwa floraidi, kwa mfano, kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa bakteria aitwaye E. coli ni sufuri katika mililita 100, hapana mjadala.

Ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba maabara ina uwezo wa kufanya kipimo fulani, nitaieleza mbele kidogo, kwa sababu ndiyo inayowatapeli watu zaidi.

Maji ya Mombasa si mamoja

Mji huu hauna mto wake. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, Marere kwenye vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Yakifika hayatoshi, na hayaji kila siku. Kwa hiyo kila jumba lina tangi la chini la kuyapokea, pampu, na matangi ya plastiki juu ya paa. Mfereji ukikauka, kuna kisima cha maji ya chumvi, kuna lori la maji, kuna mkokoteni wenye mitungi ya lita 20. Maji yanayotoka bombani jikoni kwako leo huenda ni mchanganyiko wa vitatu kati ya hivyo.

Hebu ifikirie ile karatasi ukutani. Ni ya maji gani? Kampuni ya maji inaweza kuyaleta safi mpaka kwenye mita yako, kisha yakaharibika ndani ya tangi la chini ambalo kifuniko chake kimepasuka na halijasuguliwa tangu jumba lijengwe. Tena mfereji unaokaa mtupu kwa siku kadhaa hufyonza uchafu unaouzunguka kupitia nyufa zake. Sampuli iliyochotwa kwenye mita haisemi lolote kuhusu bomba la ghorofa ya nne.

Visima vina mambo yao. Sehemu kubwa ya kisiwa na ya pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye vitundu na mianya tele. Maji hupita humo upesi bila kuchujwa sana. Choo cha shimo cha jirani na kisima chako vinaweza kuwa vinazungumza chini kwa chini na nyinyi hamna habari. Bahari nayo iko karibu: maji ya kisima yakivutwa kupita kiasi, ya bahari husogea kuziba pengo. Kwa kisima cha Mombasa, basi, mambo matatu hayakosi kuulizwa: E. coli, kwa ajili ya kinyesi. Naitreti, ambayo mara nyingi nayo hutokana na vyoo vilivyo karibu. Na kloraidi, yaani chumvi. Kloraidi ikizidi kama miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuitambua wenyewe.

Naitreti ndiyo inayosahaulika. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na sababu kubwa ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo: ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni sawasawa. Kuyachemsha maji hayo hakuiondoi. Kuchemsha huua vijidudu, na hilo ni jambo kubwa, lakini chumvi, naitreti na floraidi hubaki sufuriani. Maji yakipungua kwa mvuke, vyenyewe huwa vikali zaidi.

E. coli naye si lazima awe ndiye anayeleta ugonjwa wenyewe. Aina zake nyingi hazidhuru. Anatafutwa kwa sababu anaishi matumboni mwa watu na wanyama, kwa hiyo akionekana majini ujue kinyesi kimefika, na kinyesi kikifika, kipindupindu na homa ya matumbo vina njia. Watu husema "maji yetu yamepimwa kipindupindu". Kwa kawaida hayakupimwa hivyo. Alitafutwa huyu shahidi. Kuna pia vimelea vinavyostahimili klorini, dawa ya kuulia vijidudu majini, kuliko yeye, kwa hivyo sufuri yake ni habari njema bila kuwa dhamana ya kila kitu.

Ithibati na ile karatasi ya ISO

Maabara nyingi zitakuonyesha cheti chenye herufi ISO. Tazama namba. ISO 9001 ni habari ya uendeshaji wa ofisi kwa utaratibu, na hata kiwanda cha mabati kinaweza kuwa nayo. Unayoitaka ni ISO/IEC 17025, iliyoandikwa mahsusi kwa maabara za vipimo: kwamba wataalamu wana uwezo, mashine zimesawazishwa, majibu yanaweza kufuatiliwa. Kenya anayetoa ithibati hiyo ni KENAS, shirika la taifa la ithibati.

Hata hapo usiridhike upesi. Ithibati hutolewa kipimo kwa kipimo, kama leseni ya udereva ilivyo na madaraja: aliyepasi bodaboda hajaruhusiwa kushika usukani wa trela linalotoka bandarini. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima kloraidi na isiwe nayo ya kupima E. coli. Omba ule waraka unaoorodhesha vipimo vyake vilivyoidhinishwa, ukutanishe na orodha yako mstari kwa mstari, utazame na tarehe ya kwisha. Maabara nzuri itakutumia waraka huo siku hiyo hiyo. Ikianza kukuzungusha, nenda kwingine. Hapa mjini Mkemia Mkuu wa Serikali ana tawi, KEBS wana maabara, na za binafsi zipo.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukidhani ni maabara: ile kalamu ya umeme ya wauza machujio, inayotumbukizwa kwenye glasi ikatoa namba. Hupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka, hasa chumvi. Ni chombo halali kwa kazi yake. Lakini haioni bakteria hata mmoja. Maji ya chooni yaliyotiwa ndani ya maji ya mvua yanaweza kupata namba nzuri kuliko maji safi ya kisima. Alama ya KEBS kwenye chupa nayo ni hivyo hivyo: ni ya maji yaliyofungwa kiwandani. Chupa ile ile ikijazwa upya dukani, alama haiyajui maji mapya.

Dakika kumi bombani

Nikiambiwa nichague kipengele kimoja tu cha mkataba cha kukipigania, nitachagua kile cha nani anachota sampuli na vipi. Mashine ya mamilioni haiwezi kuirekebisha chupa iliyochotwa vibaya. Ni kazi ya kutazama. Kijana wa maabara anafika jumbani na kikasha cha barafu, anamkuta keyateka.

"Shikamoo mzee. Bomba hili maji yake yatoka tangi la juu ama moja kwa moja mferejini?"

"Marahaba. La juu, mwanangu. La mferejini ni lile la nje, karibu na mita."

Swali hilo moja lishaokoa nusu ya kazi. Anaondoa kile kichujio cha plastiki kilichochomekwa mdomoni mwa bomba, maana huko ndiko utelezi hukaa. Anapangusa, anaunguza mdomo wa bomba kwa moto ikiwa ni la chuma, au anatumia dawa ikiwa ni la plastiki. Anaacha maji yatiririke dakika mbili tatu. Kisha chupa: imefungwa tangu maabara, haijaguswa ndani. Hasuuzi. Ndani mna unga kidogo mweupe, sodiamu thaiosalfeti, ambao mwenye nyumba asiyejua angeudhani uchafu akaumwaga. Kazi yake ni kuizima klorini. Isipozimwa, klorini huendelea kuua bakteria njiani, na maabara itakuta sufuri ambayo bombani haikuwepo. Kifuniko hakiwekwi juu ya sinki, hushikwa mkononi kimeelekea chini. Chupa haijazwi pomoni, huachwa nafasi ya kutikisa. Kisha huandikwa mahali, tarehe, saa, na jina la aliyechota, na kuzikwa ndani ya barafu.

Klorini iliyosalia hupimwa pale pale bombani, kwa vidonge vinavyoyageuza maji waridi, kwa sababu ikifika maabara imeshapotea. Inayotakikana bombani ni miligramu 0.2 mpaka 0.5 hivi kwa lita. Kipimo hiki ni rahisi kiasi kwamba askari wa shule anaweza kufundishwa akakifanya kila asubuhi, na mimi ningependa shule ifanye hivyo hata kabla ya kutafuta maabara.

Metali zina chupa nyingine, yenye tone la asidi. Na kama shaka yako ni kwamba mabomba ya jumba yenyewe yanatoa risasi, basi usiache maji yatiririke: chota yale ya mwanzo kabisa ya alfajiri, yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Swali likibadilika, namna ya kuchota nayo hubadilika.

Safari ina muda wake. Sampuli ya bakteria inapaswa kuanza kupimwa ndani ya saa 24, ikiwa baridi, na mapema ni bora. Kikasha kilichotoka Likoni asubuhi kikakwama kwenye foleni ya feri hadi adhuhuri hakina neno ikiwa barafu ipo. Chupa iliyozungushwa ndani ya buti ya gari kwenye jua la kaskazi haifai hata ikifika kwa nusu saa. Jambo jingine: bakteria hukuzwa kwenye kabati la joto kwa saa 18 hadi 24 kabla hata ya kuhesabiwa, kutegemea njia. Anayekwambia ulete maji asubuhi uchukue majibu ya E. coli jioni hiyo hiyo, mshukuru uondoke. Kwa sababu hiyo hiyo maabara nyingi hazipendi kupokea sampuli hizo Ijumaa, au mkesha wa Idi. Uliza mapema, uandike.

Ndani ya mkataba

Mkataba mbaya husema "kupima maji mara nne kwa mwaka". Mzuri hutaja bomba lipi, kigezo kipi, mwezi gani.

Miezi ina maana huku kwetu. Mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua, visima vimevutwa sana na chumvi iko juu. Katikati ya masika maji ya mvua yanashuka na uchafu wa vyooni, bakteria na naitreti hupanda. Anayepima mara moja kwa mwaka mwezi wa Agosti anaweza kuyakosa yote mawili na akatundika karatasi nzuri kwa unyofu kabisa. Kwa jumba la wapangaji lenye kisima, ningeandika hivi: bakteria kila mwezi kwenye mita, kwenye kisima na kwenye bomba moja la juu, kemia ya kawaida, kama kloraidi na naitreti, mara mbili, mwisho wa kaskazi na ndani ya masika, metali mara moja mwanzoni, kisha tena pampu au mabomba yakibadilishwa. Kuna anayeona afadhali kipimo kimoja kikubwa cha vigezo hamsini kwa mwaka. Kinavutia machoni. Lakini ugonjwa wa kuhara hausubiri mwaka, na vipimo vidogo vya mara kwa mara ndivyo vinavyoukamata.

Kisha kuna kipengele kinachofichika ndani ya lugha ya kitaalamu, nacho ni kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona. Kikomo cha risasi ni miligramu 0.01 kwa lita. Mashine isiyoona chini ya 0.05 itakuandikia "haikuonekana" hata kama risasi imezidi kikomo mara tatu. Mkataba udai kwamba kwa kila kigezo mashine ione chini ya kikomo, tena kwa mbali. Ni sentensi moja tu, na maabara dhaifu huigundua haraka kuliko mteja.

Uliza pia vipimo vipi havifanyiki hapo hapo. Ni kawaida maabara ya Mombasa kutuma metali au viuatilifu Nairobi, na si kosa. Lakini kwa mujibu wa 17025 mteja aambiwe na akubali, na mkataba wako udai kwamba anayetumiwa naye awe na ithibati ya kipimo hicho.

Taasisi za umma zina kazi zaidi, maana sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inazifunga kwenye ushindani wa bei. Hapo orodha ya masharti ndiyo ngao. Ikiwa zabuni imesema tu "huduma za kupima maji", anayechota mwenyewe na kubeba barafu hawezi kushindana na anayesema leteni chupa. Weka kuchota, usafiri na vifaa ndani ya bei tangu mwanzo, ili wote wapige hesabu ya kazi moja.

Na uhifadhi haki ya kuwapima wanaokupima. Mara moja moja chota chupa mbili za maji yale yale, uzipe majina mawili tofauti. Majibu yakiachana sana, mna la kuzungumza.

Karatasi ikirudi

Juu kabisa au chini kabisa utakuta maneno ya kusema majibu yanahusu sampuli kama ilivyopokelewa. Si ujanja, ni ukweli. Kama ulichota mwenyewe kwenye chupa ya soda, maabara imejitoa.

Kila namba ina kiasi chake cha kuyumba. Floraidi ikiandikwa 1.4 na kuyumba kwa 0.2, basi thamani halisi inaweza kuwa 1.2, inaweza kuwa 1.6, na kikomo ni 1.5. Imepita au imeanguka? Maabara na mteja wanapaswa kukubaliana kabla, ndani ya mkataba, kanuni ya kuamua hali kama hiyo. Vinginevyo kila mmoja atasoma anavyotaka. Mimi kwa maji ya watoto ningehesabu kwamba imeanguka.

Kilichobaki ni siku ya habari mbaya. Maabara nyingi hutuma ripoti baada ya siku saba au kumi, imepigwa mhuri. Lakini yule bakteria alionekana siku ya pili. Kwa hiyo andikeni: E. coli akionekana, maabara ipige simu siku hiyo hiyo, kwa nani, na asipopatikana kwa nani mwingine, bila kungoja ripoti wala malipo. Na upande wenu muwe mmeshaamua nani anafunga bomba la kunywea, nani anawaambia wapangaji wachemshe, nani anasimamia tangi kumwagwa, kusuguliwa na kutiwa klorini, na kwamba maabara itarudi kuchota upya baada ya klorini hiyo kushuka, kwenye bomba lile lile na mengine mawili. Bei ya kurudi huko iwe imo tayari, maana saa hiyo hakuna mtu atakayekuwa na nafasi ya kuomba makadirio.